Uzoefu wangu na Gramps: programu ya bure ya kuandika ukoo, kwa sisi wa Mwanza na visiwa vya ziwani

Programu nyingi za kuchora mti wa ukoo zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye mke mmoja, jina moja la familia linaloshuka toka baba hadi kitukuu, na cheti cha kuzaliwa chenye tarehe kamili. Ukiingiza humo ukoo wa Kisukuma, wa Kikerewe au wa Kijita, mambo yanavurugika kabla hujamaliza vizazi viwili. Wake wanne hawana pa kukaa, ndugu wa baba mmoja wanaonekana hawahusiani, na babu aliyezaliwa "wakati wa vita vya Mjerumani" anakosa nafasi kwa kuwa hana tarehe. Gramps ndiyo niliyoiona inapokea mambo haya yote bila kumlazimisha mwandishi kubuni. Naipa nyota nne kati ya tano, na nyota moja iliyobaki nitasema imepotelea wapi.

Ni programu huria, ilianza mwaka 2001, inaendelezwa na watu wa kujitolea na haiuzwi. Inakubali Windows, Linux na Mac. Kumbukumbu zako zote zinakaa ndani ya kompyuta yako, hivyo bando unalihitaji siku ya kuipakua na pale unapotaka kuona ramani, basi. Kwenye simu haifanyi kazi. Ipo Gramps Web inayofunguka kwenye kivinjari, lakini hiyo lazima mtu aisimike kwenye seva, na si kila ukoo una kijana wa kazi hiyo. Mgawanyo unaofaa ni huu: simu irekodi sauti na kupiga picha, grupu ya WhatsApp isambaze masimulizi na kuyasahihisha, Gramps iwe ghala. Funguo za ghala washike watu wawili, wasizidi hapo.

Kazi ya kwanza ni majina, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kila kitu. Kabla hujaingiza mtu hata mmoja, fungua mipangilio, tafuta mahali programu inapokisia jina la ukoo la mtoto. Inavyokuja, inampa jina la mwisho la baba yake. Iambie isikisie chochote. Utaona pia chaguo la mtindo wa Iceland, ambako mtoto hubeba jina la baba karibu kama kwetu, na utavutiwa nalo. Usilichague, maana linaongeza viambishi vya kwao na Mabula anageuka Mabulasson.

Chukua mtu anayeitwa Mabula Shija Kulwa. Mabula ni jina lake mwenyewe, Shija ni baba, Kulwa ni babu. Gramps inaruhusu majina ya ukoo zaidi ya moja kwa mtu mmoja, kila moja na asili yake. Weka Shija kama jina litokanalo na baba, kisha Kulwa chini yake. Jina la ukoo wenyewe, lile linaloulizwa watu wanapotaka kujua kama mnaweza kuoana, usilichanganye humo. Litengenezee sifa yake (Attribute), uiite "Ukoo", na sifa nyingine ya mwiko kama ukoo unao. Baadaye unaweza kuwachuja wote wenye sifa hiyo kwa mkupuo mmoja. Jina la ubatizo na jina la utani viingie kama majina ya ziada, kila moja na chanzo chake. Usidharau la utani: Ng'wanamalundi, yule mganga mashuhuri wa zamani, anajulikana Usukuma nzima kwa jina hilo, na ukimtafuta kwa jina alilopewa alipozaliwa ni wachache watakaokuelewa. Wanawake wabaki na majina ya baba zao. Ukiwabadilishia kwa majina ya waume, upande wa mama unakatika palepale.

Na majina yenyewe yanasema. Kulwa ni pacha aliyetangulia, Doto aliyefuata, Shija ni anayezaliwa nyuma ya mapacha. Kwa hiyo katika majina matatu ya Mabula kuna watu watatu ambao huenda hakuna aliyewataja: Doto wa babu yake, na mapacha waliomtangulia baba yake. Mara nyingi ni watoto waliofariki wachanga, na wazee hawawataji mpaka waulizwe kwa jina. Tahadhari ni moja. Majina hurithiwa, na mtu anaweza kuitwa Kulwa kwa sababu tu babu yake aliitwa Kulwa. Kwa hiyo jina linakupa swali la kuuliza, na mtu haingii kwenye mti mpaka swali lijibiwe.

Upande wa ndoa programu hii imeniridhisha kabisa. Mtu mmoja anaweza kuwa katika familia nyingi kadiri inavyotakiwa, na kila mke anapata familia yake na watoto wake, kwa mpangilio wa nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtoto naye anaweza kuwa na wazazi wa pande mbili, na kwa kila mzazi unaeleza uhusiano: wa kuzaa, wa kambo, wa kulea. Hilo linatatua mambo mawili mazito ya kwetu. La kwanza ni mjane aliyerithiwa na shemeji yake, ambapo watoto waliozaliwa baadaye wanatajwa kwa jina la marehemu. La pili ni mahari. Kwa desturi ya Kisukuma, mtoto aliyezaliwa kabla ya ng'ombe kutolewa huhesabiwa upande wa mama yake mpaka ng'ombe watolewe. Usichague upande mmoja ukafuta mwingine. Andika zote mbili, na maelezo ya ng'ombe yaweke kwenye tukio la ndoa, kwa idadi iliyotajwa na jina la aliyeitaja.

Angalizo kuhusu neno "baba". Mzee akisema "baba yangu alihamia Sengerema", anaweza kuwa anamaanisha baba mdogo au baba mkubwa, na kwake hiyo ni sahihi kabisa. Uliza mara moja, kwa heshima: "Baba aliyekuzaa, au mdogo wake?" Halikadhalika "ndugu" na "babu". Miti mingi niliyoipitia ina kizazi kimoja cha ziada au kilichopungua kwa sababu ya maneno haya matatu tu.

Tarehe. Sehemu ya tarehe inakubali "about 1928", "before 1961", "between 1914 and 1918", na unaweza kuitia alama kwamba ni ya kukadiria. Naitumia kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno hayo huandikwa hivyo. Ukiacha mwaka mtupu, 1928, programu inauchukulia kama hakika, na atakayefuata baada yako ataamini hivyo.

Mwaka wa kukadiria unatoka wapi? Kwenye matukio ambayo kila mtu wa kando ya ziwa anayakumbuka. Waingereza waliiteka Mwanza kutoka kwa Wajerumani Julai 1916. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Vurugu za Geita za kupinga halmashauri ya mseto wa rangi zilitokea 1958. Uhuru ni Desemba 1961, na utawala wa machifu ulifutwa 1963, kwa hiyo kila simulizi yenye "enzi ya mtemi fulani" ina ukomo hapo. Kuhamishiwa vijijini kulishika kasi 1974, Vita vya Kagera ni 1978 hadi 1979, na meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996. Lililo bora kuliko yote kwa watu wa pwani ya ziwa na visiwani ni kupanda kwa maji: mvua kubwa zilianza mwishoni mwa 1961, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Nyumba, mashamba na mialo vilihamishwa, na wazee wanakumbuka hasa walikuwa wapi.

Basi usiulize "Bibi, ulizaliwa mwaka gani?" Utapewa mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho, ambao aghalabu karani aliukisia. Uliza: "Bibi, maji ya ziwa yalipopanda, ulikuwa umeshaolewa?" Akijibu kwamba alikuwa na mtoto wake wa kwanza mgongoni, umepata mambo mawili. Mtoto yule amezaliwa kati ya 1960 na 1964, na bibi mwenyewe alizaliwa kabla ya 1950. Andika hivyohivyo, na kwenye maelezo ya chini andika jibu lake kwa maneno yake, ili mwingine aweze kukagua hesabu yako.

Mahali ndipo Gramps inapozipita nyingine zote nilizojaribu. Kila mahali pana majina kwa vipindi, na panakaa ndani ya mahali pakubwa zaidi, nako kwa vipindi. Geita mpaka 2012 iko chini ya Mkoa wa Mwanza, baada ya hapo iko chini ya Mkoa wa Geita. Nassa ilikuwa Magu, Mwanza, na leo ni Busega, Simiyu. Ziwa Magharibi ikawa Kagera. Kabla ya hapo kulikuwa na Jimbo la Ziwa, na kwenye karatasi za Kijerumani Mwanza imeandikwa Muanza. Ukiyaweka haya mara moja, mtu aliyezaliwa Geita 1950 anaonyeshwa katika utawala wa wakati wake bila wewe kuandika tena na tena. Mahame, yaani makazi yaliyoachwa, nayo yape kumbukumbu yake kama mahali kamili, usiyamezeshe kwenye kijiji walikohamishiwa 1974. Mkifika pale na mtu anayepajua, chukua nukta ya ramani kwa simu na uinakili. Usisahau alama ya kutoa kwenye latitudo: Mwanza ni takriban -2.5 na 32.9, na ukiacha alama hiyo ukoo wako utaonekana umezaliwa kaskazini mwa Uganda.

Sasa vyanzo, ambavyo ndivyo vinavyotenganisha kazi ya ukoo na mazungumzo ya msibani. Kila msimuliaji mpe chanzo chake: nani, amesimulia wapi, lini, mbele ya nani. Kila jambo alilosema linafungwa kwenye chanzo hicho pamoja na kiwango cha kuaminika, na Gramps ina ngazi tano, toka chini sana hadi juu sana. Utaratibu wangu ni kwamba aliyeshuhudia mwenyewe anapata ya juu, aliyesikia kwa mzazi wake anapata ya kati, na anayesema "husemwa" anapata ya chini. Wasimuliaji wawili wakipingana, mmoja anasema ukoo ulivuka toka Ukerewe na mwingine anasema ulitoka Sukuma bara, ingiza matukio mawili ya kuhama, kila moja na chanzo chake. Programu haigombi. Aliyeondoa simulizi moja ili mti upendeze amewanyima wajukuu nafasi ya kugundua kwamba zote mbili ni kweli, moja ya upande wa baba na nyingine ya mama.

Kwa karatasi, anzia parokiani. Misheni ya Bukumbi ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1883, na Africa Inland Mission ilianza kazi Nassa mwaka 1909. Ukienda kwa paroko au mchungaji usiende na jina la nyumbani pekee. Beba jina la ubatizo, jina la baba, kijiji na miaka mitano mitano ya kukadiria, kwa kuwa vitabu vimepangwa kwa mwaka na namba. Kwenye vitabu vya zamani vya Kikatoliki tegemea Petrus na Josephus, si Petro na Yosefu. Soma pembeni ya mstari pia, maana hapo huongezwa ndoa na mahali ilipofungwa. Jina la msimamizi wa ubatizo linakili hata kama humjui. Huyo mara nyingi ni jamaa au jirani, na Gramps ina sehemu ya mahusiano yasiyo ya damu ambako anakaa vizuri. Humohumo weka watani na waliochanja udugu.

Kwa habari za watemi na enzi zao, makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, yanastahili siku nzima ya mtu yeyote anayeandika.

Kurekodi ni kazi rahisi inayoharibika kwa mambo madogo. Simu iweke hali ya ndegeni, ikae juu ya kitambaa kilichokunjwa, kiasi cha sentimita 30 toka mdomoni. Usirekodi ufukweni mchana, upepo wa ziwa unameza sauti. Wala chini ya bati mvua ikianza. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde, mkondo mmoja (mono), inatosha kwa mazungumzo na inachukua takriban megabaiti 29 kwa saa. Mwanzoni taja kwa sauti tarehe, mahali na waliopo. Ukituma kwenye grupu, itume kama hati, na picha vilevile, kwa sababu WhatsApp inazibana picha za kawaida na maandishi madogo nyuma ya picha ya zamani hayasomeki tena.

Grupu yenyewe inahitaji utaratibu, la sivyo simulizi nzuri inazama katikati ya salamu za asubuhi. Simulizi moja, ujumbe mmoja, na juu yake mistari minne: msimuliaji, mahali, tarehe ya kusimuliwa, anayehusika. Anayesahihisha aandike ujumbe wake akijibu ule wa kwanza, na asinakili simulizi akabadilisha maneno. Kama msimuliaji amesema Kisukuma, andika Kisukuma kwanza, Kiswahili kifuate. Yaliyo ya aibu au ya kuumiza, kama tuhuma za uchawi, mtoto wa nje ambaye hajaambiwa, ugonjwa, ugomvi wa ardhi, hayaendi grupuni. Yanakwenda moja kwa moja ghalani yakiwa yamewekewa alama ya kufuli, ambayo Gramps inayo kwa kila kumbukumbu, na unapotoa nakala unaiambia iache zenye kufuli na iwafiche walio hai. Nchini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, aliye hai ana haki ya kuulizwa kwanza.

Nyota iliyopotea ni hii. Gramps haihifadhi picha na sauti ndani yake. Inaandika tu njia ya kufikia faili. Ukihamisha folda au kubadilisha jina lake, picha zote zinageuka alama tupu. Dawa ni kuunda folda moja ya ukoo toka siku ya kwanza, ndani yake sauti, picha na nyaraka, kisha kuitaja kwenye mipangilio kama folda ya msingi na kutumia njia za kutokea hapo. Unapotengeneza nakala ya akiba chagua kifurushi chenye mwisho wa .gpkg, maana ule wa .gramps unabeba maandishi peke yake. Weka kwenye flashi mbili, zikae nyumba mbili tofauti.

Umeme ukikatika usiogope sana. Kila unapobonyeza kukubali, kumbukumbu imeshahifadhiwa. Ulichopoteza ni kile kilichokuwa wazi. Ukirudi utakuta mti una alama ya kufungwa, kama vile mtu mwingine anautumia. Ufungue kwenye dirisha la kusimamia miti, kisha endesha ukaguzi wa hifadhidata kabla ya kuendelea.

Udhaifu mwingine ni kwenye ripoti. Kwangu zinatoka na sentensi za Kiingereza, kwa hiyo naitoa ile ya kizazi kwa kizazi katika muundo wa ODT, yaani hati inayoharirika, na kuiandika upya. Chati ya uzao wa mzee mwenye nyumba nne inatanuka mpaka haichapishiki. Tumia orodha ya uzao yenye namba, inasomeka zaidi. Na kile kikokotoo cha undugu usikisambaze grupuni. Mtoto wa baba mdogo kitamwita binamu, na mzee atakayesoma hivyo atakasirika, kwa haki.

Wanaouliza kwa nini nisitumie FamilySearch: ni bure pia, inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lenye makao Salt Lake City, na inafanya kazi kwenye simu. Lakini ni mti mmoja wa dunia nzima, na kumbukumbu ya aliyefariki inaweza kuhaririwa na mtumiaji yeyote. Kwa simulizi ambazo bado zinabishaniwa ndani ya ukoo naona ni mapema. Malizaneni nyumbani kwanza.

Mwisho ni uchapaji, kwa sababu wazee wengi hawatafungua faili. Kijitabu cha A5, kurasa zigawanyike kwa nne, herufi za pointi 13 au 14, steshenari yoyote ya mjini inakitoa. Baada ya kila nyumba acha ukurasa mtupu wenye mistari, na ukipeleke pamoja na kalamu. Nakala zikirudi na maandishi ya mkono, hizo ni vyanzo vipya. Zipige picha, zipe namba, ziingize ghalani kwanza, ndipo uguse majina.